Maafa mkoani Kigoma na mashirika ya kimataifa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara katika mikutano ya vijiji, kwenye mialo na katika ofisi za kata, hasa Kasulu, Kibondo, Kakonko na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Maafa yakitokea, mwenye dhamana ni Serikali au mashirika?

Mwenye dhamana ni Serikali. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 2015, inaweka uratibu chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kisha inashusha wajibu huo kwenye kamati za usimamizi wa maafa za mkoa, wilaya, kata na kijiji. Shirika la kimataifa linaingia ndani ya mpangilio huo kama msaidizi. Halina mamlaka ya kuamuru watu wahame, kufunga mwalo wala kutangaza eneo kuwa la maafa.

Msimamo huu si wa Tanzania peke yake. Azimio namba 46/182 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa Desemba 1991 na ambalo ndilo msingi wa mfumo mzima wa misaada ya dharura duniani, linasema wazi kwamba nchi iliyopatwa na maafa ndiyo yenye nafasi ya kwanza katika kuanzisha, kupanga, kuratibu na kutekeleza misaada ndani ya mipaka yake. Kwa hiyo ofisa wa shirika akikwambia uanzie kwa mtendaji wa kijiji, usione kwamba anakukwepa. Huko ndiko mlango ulipo.

2. Mashirika ni mengi. Lipi linafanya nini?

Magari yao yanafanana, lakini kazi zimegawanywa. UNHCR inashughulikia ulinzi na uratibu wa huduma kwa wakimbizi, ikishirikiana na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. WFP inaleta chakula na ina ujuzi mkubwa wa usafirishaji, jambo lenye uzito katika mkoa unaotegemea reli ya kati na barabara ndefu kutoka bandari ya Dar es Salaam. UNICEF inahusika na watoto, maji safi, chanjo na shule. WHO inaishauri Wizara ya Afya kuhusu magonjwa ya mlipuko. IOM inashughulikia usafiri wa watu waliohama makazi, FAO kilimo na mifugo, UNDP mipango ya muda mrefu na kurejesha maisha baada ya maafa.

Yapo pia mashirika ya Umoja wa Mataifa ambayo mwananchi wa kawaida hayaoni kwa macho, ingawa kazi yake inamfikia. OCHA huratibu misaada ya dharura na maombi ya fedha kwa dunia nzima, na UNDRR, yenye makao makuu Geneva, inasimamia juhudi za kupunguza hatari kabla maafa hayajatokea (tazama swali la 4).

Nje ya Umoja wa Mataifa kuna mashirika yasiyo ya kiserikali. Kwa mfano, Madaktari Wasio na Mipaka wametoa huduma za afya katika kambi ya wakimbizi ya Nduta. Mengi ya mashirika haya hupokea fedha kutoka UNHCR au UNICEF na kutekeleza kazi kwa niaba yao, na ndiyo maana bango moja la mradi huweza kuwa na nembo nne.

3. Je, Msalaba Mwekundu nao ni shirika la nje?

Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania ni chama cha Kitanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, na nguvu yake ni watu wanaojitolea wanaoishi katika kata zetu. Ni mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa lenye makao Geneva, ambalo hukiongezea fedha na wataalamu mzigo unapokizidi uwezo. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ni chombo kingine tofauti, kinachojihusisha zaidi na maeneo ya vita na kuunganisha familia zilizotengana. Familia nyingi za Wakongo na Warundi mkoani hapa zinaihitaji huduma hiyo ya pili.

4. Kupunguza hatari za maafa kunatofautianaje na kuleta msaada?

Msaada hufuata madhara. Kupunguza hatari hutangulia: ni kuhakikisha mvua ileile, au mkurupuko uleule wa ugonjwa, haukuti watu wakiwa wamekaa mahali pabaya, bila taarifa na bila maji salama. Nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana juu ya jambo hili katika mji wa Sendai, Japani, mwezi Machi 2015. Mwongozo wa Sendai unaendelea hadi mwaka 2030 na una vipaumbele vinne: kuielewa hatari, kuimarisha uongozi wa kuisimamia, kuwekeza katika kuipunguza, na kujiandaa ili ujenzi baada ya maafa uwe bora kuliko ule wa awali.

Ukitaka kujua kama mashirika wilayani kwenu yanatekeleza Sendai, usisome taarifa zao za mwaka. Uliza kama kamati ya maafa ya kijiji ina mpango wa kurasa mbili au tatu unaotaja kwa majina mambo haya: nani anapiga kengele au filimbi usiku, nani anawabeba wazee na wajawazito, njia ipi ya kupanda juu haikatwi na korongo, shule au kanisa lipi litafunguliwa, na ufunguo wake anao nani. Kijiji chenye mpango wa namna hiyo, uliowahi kufanyiwa mazoezi walau mara moja, kimepata msaada wa maana kuliko kijiji kilichopokea turubai baada ya nyumba kuanguka. Fedha nyingi bado zinakwenda kwenye turubai, na hilo ni kosa la wafadhili ambalo wananchi wana haki ya kulisema.

## Kabla ya maafa

5. Tahadhari ya hali ya hewa inamfikiaje mvuvi aliyeko mwaloni?

Anayetoa tahadhari ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania peke yake. Kigoma na Tabora zina msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, na utabiri wake hutolewa kabla haujaanza. Hali mbaya inapokaribia, mamlaka hutoa angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa, kulingana na uzito wa madhara yanayotarajiwa. Mashirika ya kimataifa yapo nyuma ya pazia: Shirika la Hali ya Hewa Duniani huweka viwango na kuunganisha takwimu za nchi mbalimbali, na tangu Machi 2022 Umoja wa Mataifa una lengo kwamba kila mtu duniani alindwe na mfumo wa tahadhari ya mapema ifikapo mwisho wa mwaka 2027.

Tatizo letu liko katika kilomita za mwisho. Taarifa ikishafika mkoani, inapaswa kufika kwa uongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, kabla mitumbwi ya dagaa haijaondoka jioni. Mtandao wa simu unakatika katika baadhi ya vijiji vilivyobanwa kati ya milima na ziwa. Redio, bendera ya rangi kwenye mwalo, na mtu mmoja aliyepewa jukumu la kuzungumza na manahodha ni vitu vya gharama ndogo, na shirika linalokuja na mradi wa tahadhari lingeanzia hapo kabla ya kuleta programu ya simu janja.

6. Ziwa limepanda na kumeza nyumba. Kwa nini mashirika hayajafanya lolote kulishusha?

Kwa sababu hakuna mwenye bomba la kulifungulia. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 hivi, linapokea maji ya mito kama Malagarasi na Ruzizi, na mto unaoyatoa ni mmoja tu, Lukuga, ambao unatokea karibu na Kalemie upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji mengine hupotea kwa kukauka juani. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo katika bonde zima, ziwa hupanda, na hushuka polepole. Wazee wa mwambao wanakumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilipanda vilevile. Kupanda kwa miaka hii kumefunika gati, maghala na makazi upande wetu na wa Burundi.

Nchi nne zinashirikiana ziwa hili: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Zilitia saini mkataba wa pamoja mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye ofisi Bujumbura iliundwa chini yake. Hicho ndicho chombo halali cha kujadili mto Lukuga, udongo unaomomonyolewa kutoka milimani na takwimu za kina cha maji. Wafadhili wa kimataifa wanaweza kuugharamia mjadala huo, lakini hawawezi kuamua badala ya nchi nne.

Lililo mikononi mwetu ni lile la mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Familia iliyokwisha kuhamishwa na maji isisaidiwe kujenga upya palepale, hata kama mabati yametolewa bure. Hata hivyo, kuwaambia watu wahame bila kuwapa viwanja ni nusu ya kazi, na hapa ndipo halmashauri inapaswa kuyaomba mashirika fedha za kupima ardhi ya juu badala ya kuomba mabati.

7. Kuna hatari ya tetemeko la ardhi?

Ipo. Ziwa lenyewe limekaa katika Bonde la Ufa la Magharibi. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea upande wa Kongo wa ziwa, na lile la Kagera la Septemba 2016 lilionyesha jinsi nyumba za tofali zisizofungwa kwa mkanda wa zege zinavyoanguka. Mashirika husaidia zaidi katika mafunzo ya mafundi na ukaguzi wa shule na zahanati.

## Wakati wa maafa

8. Nini hasa kilitokea Kagunga mwaka 2015, na tunajifunza nini?

Miezi miwili baada ya mkutano wa Sendai (tazama swali la 4), Kagunga ilitupa somo lake. Machafuko ya kisiasa nchini Burundi yaliwasukuma makumi ya maelfu ya watu kuvuka mpaka na kuingia katika kijiji hicho kidogo, kilichokaa kwenye ukanda mwembamba wa ufukwe, mlima mkali nyuma yake na ziwa mbele. Vyoo havikutosha hata kwa wenyeji. Watu walikunywa maji ya ziwa na kujisaidia kandokando ya ziwa hilohilo. Kipindupindu kikaingia, na kufikia tarehe 22 Mei vifo 31 vilikuwa vimeripotiwa na wagonjwa wapatao 3,000, wengi wao Kagunga.

Kuwatoa watu kulitegemea maji. Meli ya MV Liemba, iliyojengwa na Wajerumani na kuundwa hapa Kigoma zaidi ya karne moja iliyopita, ilikodiwa kuwachukua watu mamia kwa mamia hadi mjini Kigoma, ambako Uwanja wa Lake Tanganyika uligeuzwa kituo cha kupokelea kabla ya mabasi kuelekea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Madaktari, wauguzi na maofisa wa afya wa Serikali walifanya kazi bega kwa bega na WHO, UNICEF, UNHCR, Msalaba Mwekundu na wengine. Maji yalitibiwa kwa klorini, wagonjwa waliwekewa dripu na kupewa chumvichumvi, na baadaye chanjo ya matone ya kipindupindu ilitolewa Nyarugusu. Mlipuko ulidhibitiwa. Kambi za Nduta na Mtendeli zilifunguliwa tena miezi michache baadaye ili kupunguza msongamano.

Kwa haki, kazi ile iliokoa maisha mengi. Lakini uwezekano wa watu kukimbilia Kagunga ulijulikana kwa yeyote anayeijua ramani na historia ya mpaka huo, kwa kuwa Warundi wamekimbilia huku tangu mwaka 1972. Klorini, mabomba ya kupampu na mahema vingekuwa ghalani Kigoma tayari, na wahudumu wa afya wa vijiji vya mpakani wangekuwa wamefundishwa, siku za mwanzo zingekuwa tofauti. Kila shirika linaloandika mpango wa dharura wa mkoa huu lipimwe kwa swali hilo: nini kiko ghalani leo, upande gani wa mlima?

9. Nitajuaje kama msaada unaotolewa unatosha?

Vipo viwango vinavyojulikana kama Sphere, ambavyo mashirika makubwa yamekubali kuvifuata. Kila mtu apate walau lita 15 za maji kwa siku. Bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250. Choo kimoja kisizidi watu 20. Chakula kifikie takribani kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Na sehemu ya kulala iliyoezekwa iwe na mita za mraba 3.5 kwa kila mtu.

Piga hesabu mwenyewe. Watu 10,000 wakiwa wamekusanyika mahali pamoja wanahitaji lita 150,000 kila siku, yaani malori kumi na matano ya lita 10,000. Ukiona malori matatu, unayo hoja ya kuipeleka kwenye kikao cha uratibu.

Ubora nao hupimwa palepale bombani. Mhudumu hujaza kichupa kidogo, hutia kidonge, hutikisa, kisha hulinganisha rangi: maji yakigeuka waridi, klorini bado imo. Kiwango kinachotakiwa ni kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Yakibaki meupe, maana yake klorini imekwisha njiani na ndoo hiyo haina ulinzi. Kipimo hiki huchukua dakika chache, na kamati ya maji ina haki ya kuomba kifanyike mbele yake.

10. Fedha za dharura zinatoka wapi, na kwa nini nyingine zinachelewa?

Umoja wa Mataifa una mfuko wa dharura uitwao CERF, na Shirikisho la Msalaba Mwekundu lina wa kwake uitwao DREF. Mifuko hii miwili ipo kwa ajili ya siku na wiki za mwanzo, kabla wafadhili hawajaitikia. Fedha zinazofuata hutokana na michango ya hiari ya nchi tajiri, na hapo huchelewa, kwa sababu Kigoma hushindana na vita na njaa za kwingineko duniani. Athari zake zimeelezwa katika swali la 13.

11. Ugonjwa ukizuka Kongo au Burundi, mashirika yanafanya nini upande wetu?

Chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, kila nchi ina wajibu wa kuiarifu WHO kuhusu tukio linaloweza kuvuka mipaka. Taarifa hiyo ndiyo inayoanzisha upimaji wa joto la wasafiri, mafunzo ya wahudumu na uandaaji wa vyumba vya kutengea wagonjwa. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa Ebola ya mashariki mwa Kongo mwaka 2018 hadi 2020, na wakati WHO ilipotangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa Agosti 2024. Anayegundua mgonjwa wa kwanza, hata hivyo, kwa kawaida ni mhudumu wa zahanati au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, hivyo glavu na sabuni zianze kwake.

## Wakimbizi na wenyeji

12. Kwa nini wakimbizi wanasaidiwa na sisi wenyeji hatupewi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa uchungu zaidi, na anayeuliza ana sababu. Mkimbizi anapewa mgao kwa sababu haruhusiwi kwenda atakako wala kulima na kufanya kazi kama raia, na kwa sababu UNHCR iliundwa kwa ajili yake kwa mujibu wa mikataba ya kimataifa. Mwenyeji ana nchi yake, ambayo ndiyo yenye wajibu kwake. Kisheria jibu linaishia hapo.

Kiutu haliishii hapo. Vijiji vinavyoizunguka Nyarugusu, kambi iliyopo tangu mwaka 1996, vimetoa kuni, maji na ardhi, na msitu ukikatwa hatari ya mmomonyoko inawaangukia wao. Kwa sababu hiyo, mwaka 2017 Umoja wa Mataifa na Serikali walianzisha Programu ya Pamoja ya Kigoma, iliyoyaunganisha mashirika 16 katika kilimo, elimu, maji, nishati na mazingira, uwezeshaji wa vijana na wanawake, na kupinga ukatili, ikilenga pia jamii zinazopokea wakimbizi. Diwani wako anapaswa kujua kata yenu imo katika shughuli zipi. Muulize katika kikao cha hadhara, si pembeni.

13. Mgao umepunguzwa ghafla. Chakula kimeibwa?

Wizi ukishukiwa, tazama swali la 17. Mara nyingi sababu ni bajeti: WFP na UNHCR hutegemea michango ya hiari, na mchango mkubwa ukikosekana, mgao hukatwa kwa asilimia. Hali ilizidi kuwa ngumu mwaka 2025, Marekani ilipofunga shirika lake la misaada, USAID. Shirika lina wajibu wa kutangaza punguzo kabla ya siku ya mgao, kwa Kiswahili, Kirundi na lugha nyingine zinazosikika kambini.

14. Kwa nini watu hawapewi fedha taslimu wakanunue wenyewe?

WFP ilijaribu utaratibu huo Nyarugusu, na ukasitishwa Agosti 2017 kwa maelekezo ya Serikali. Mwanzoni mwa mwaka 2018 Tanzania ilijitoa pia katika mpango mpana wa Umoja wa Mataifa wa kushughulikia wakimbizi. Njia ya msaada huamuliwa na nchi mwenyeji, kama ilivyoelezwa katika swali la 1.

## Hali za pekee

15. Nyumba ishirini tu zimeezuliwa na upepo. Shirika la kimataifa litakuja?

Huenda lisije, na kijiji kisisubiri. Mtendaji apeleke taarifa wilayani siku hiyohiyo ikiwa na idadi ya kaya, watoto, wazee na watu wenye ulemavu, pamoja na picha. Kamati ya wilaya na tawi la Msalaba Mwekundu ndio wenye uwezo wa kufika kwanza. Taarifa iliyoandikwa vizuri ina faida nyingine: maafa madogo yasiyoandikwa hayaingii kwenye takwimu, na kata isiyo na takwimu haipewi mradi wa kupunguza hatari.

16. Sisi tulikuwa wakimbizi wa mwaka 1972 na tumepewa uraia. Tunahesabiwa wapi?

Mnahesabiwa kama raia, iwe Ulyankulu mkoani Tabora au kwingineko. UNHCR si mlango wenu tena. Mlango wenu ni kijiji, kata na halmashauri, sawa na Mtanzania mwingine yeyote.

17. Nimedaiwa fedha, au nimetakiwa kimapenzi, ili jina langu liandikwe. Nifanye nini?

Msaada wa kibinadamu haulipiwi kwa namna yoyote. Usikubali, na usinyamaze. Mashirika ya Umoja wa Mataifa na washirika wao wanatakiwa kuwa na njia za siri za malalamiko: sanduku, namba ya simu ya bure au dawati maalumu. Pale aliyekosa ndiye anayepokea malalamiko, nenda kwa shirika lingine au dawati la jinsia la polisi; rushwa ya kawaida ipelekwe TAKUKURU. Mwombe mtu unayemwamini akusindikize, na uandike tarehe na mahali mambo yalipotokea.

18. Mradi ukifungwa, pampu na majengo vinabaki vya nani?

Kwa kawaida hukabidhiwa Serikali. Kisima cha kijijini huingia chini ya RUWASA, wakala wa Serikali wa maji vijijini, na chombo cha watumia maji. Shida hutokea pale makabidhiano yanapofanywa kwa sherehe bila karatasi. Kabla ya siku hiyo, kijiji kidai orodha ya vifaa, ramani ya mabomba, jina la duka linalouza vipuri, na fundi wa kijijini aliyewahi kuifungua pampu hiyo na kuifunga mbele ya watu. Nakala moja ya nyaraka hizo ibaki ofisi ya kijiji.